Upatanisho wa Kisarufi katika Jumbe za Kuwaka kwa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Kompyuta inapowashwa, kabla ya kumwonyesha mtumiaji dirisha lolote la kazi, hupita katika kipindi kifupi cha kujikagua na kujiandaa. Katika kipindi hicho huandika mistari ya maneno kwenye kiwambo: kumbukumbu imehesabiwa, diski imeonekana, saa imewekwa, huduma fulani imeanza, nyingine imeshindwa. Watumiaji wengi hawaisomi mistari hiyo, na siku ambayo mambo yote ni salama hawapotezi kitu. Siku ambayo kompyuta imegoma, mistari hiyohiyo ndiyo yote aliyo nayo fundi wa ofisi au mwalimu wa maabara. Programu za msaada hazijapakiwa, mtandao haujaunganishwa, na kamusi iliyomo ndani ya diski haifunguki. Ni matini inayosomwa wakati msomaji hana pa kuuliza.

Makala hii inazichunguza jumbe hizo kama matini. Hoja yake ni kwamba uwazi na ulinganifu wa jumbe za kuwaka ni suala la sarufi kabla ya kuwa suala la ufundi. Violezo vinavyotumika katika mifumo endeshi mikuu vimejengwa juu ya sifa moja ya Kiingereza, nayo ni kutokuwa na upatanisho wa ngeli. Anayevitafsiri neno kwa neno hupata Kiswahili kibovu, na wakati mwingine hupata Kiswahili kinachomlaumu msomaji asiye na hatia. Kiswahili kinahitaji kiolezo chake, na kiolezo hicho kikipangwa vyema kitasema wazi zaidi kuliko kile cha asili. Mifano mingi imetolewa katika mifumo ya jamii ya Unix, hasa Linux, kwa sababu matini zake ziko huru kusomwa na kubadilishwa na yeyote.

2.0 Namba, Sura na Maneno

Kompyuta binafsi ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilijikagua kila ilipowashwa, na ilipokuta kasoro iliandika namba. Namba 201 ilihusu kumbukumbu, 301 ilihusu kibodi, 601 ilihusu kiendeshi cha diski laini. Huo ulikuwa ulinganifu usio na dosari: kosa moja, namba moja, popote duniani. Kilichokosekana ni uwazi. Mtu asiye na kitabu cha mafundi aliiona namba 301 asijue kwamba dawa yake yaweza kuwa kurudishia tu waya wa kibodi uliochomoka. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilishika njia nyingine. Ilipokuwa nzima ilionyesha sura ndogo ya kompyuta inayotabasamu. Ilipokuwa na hitilafu sura hiyo ilinuna, na chini yake zikaandikwa alama za kitaalamu. Sura ilieleweka na kila mtu, mwenye kusoma na asiyesoma. Hata hivyo sura haina njeo wala yambwa. Haiwezi kusema ni kitu gani kilichoshindwa, wala kama kimeshindwa kabisa au kingali kinajaribu.

Maneno nayo hayakuleta uwazi kwa kuwa maneno tu. Watumiaji wa MS-DOS waliujua sana ujumbe uliotokea pale mtu alipowasha kompyuta huku amesahau diski laini ndani ya kiendeshi. Kwa Kiswahili ungesomeka hivi:

(1) Diski si ya mfumo au ina hitilafu. Badilisha, kisha bonyeza kitufe chochote ukiwa tayari.

Lawama iko katika kiunganishi "au". Kimefunga pamoja hali mbili zisizo na udugu. Ya kwanza si ugonjwa hata kidogo: diski yenye barua imesahauliwa mahali pake, na itolewe tu. Ya pili yaweza kuwa msiba, maana diski kuu yenyewe huenda imeharibika pamoja na kila kilichomo. Karani ambaye taarifa ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo aliusoma mstari huu bila njia yoyote ya kujua amepatwa na lipi kati ya hayo mawili. Kitenzi "badilisha" nacho kimeachwa bila yambwa, ilhali ni kitenzi elekezi: abadilishe nini? Yapo maelezo ya kiufundi ya ufupi huu. Programu inayouandika ujumbe hukaa katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, na humo ndimo inamopaswa kutia kazi zake zote pamoja na maneno yake. Hata hivyo, kutenganisha hali hizo mbili kungehitaji maneno machache tu zaidi, na kuwaokoa watu wengi na hofu ya bure.

Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi wamelikimbia tatizo badala ya kulitatua. Windows 95 iliziweka jumbe nyuma ya picha ya anga lenye mawingu, na mtumiaji aliyetaka kuziona alibonyeza kitufe cha Esc. Katika Linux, programu ya Plymouth, iliyoingizwa katika Fedora mwaka 2008, hufanya vivyo hivyo. Picha hupendeza, lakini haibadilishi maneno yaliyo nyuma yake, na ni maneno hayo yanayotafutwa siku ya taabu.

Mifumo ya Unix haikuwa na haya ya kuonyesha maneno. Tawi lake la BSD limehifadhi mtindo mmoja ambao mwanaisimu hawezi kuupita bila kuutazama: kila kifaa kinachotambuliwa hupewa mstari unaotaja jina lake na mahali kilipounganishwa, mathalani kwamba diski sd0 iko kwenye njia scsibus0. Hakuna kitenzi. Ni sentensi ya mahali tu, nayo hutafsirika kwa Kiswahili bila mgogoro wowote, kwani "sd0 kwenye scsibus0" haidai kiambishi cha ngeli. Msomaji akiifuata mistari hiyo kutoka juu hadi chini hupata mti mzima wa vifaa, tawi kwa tawi. Kiini cha Linux hakina mtindo mmoja kama huo, kwa kuwa kila sehemu yake huandikiwa jumbe na watu tofauti. Ulinganifu wake uko mahali pengine, katika ngazi nane za uzito zilizopewa namba 0 hadi 7, kutoka dharura hadi maelezo ya uchunguzi. Mtumiaji akikiamuru kiini kinyamaze, kiwambo hubakiwa na jumbe za ngazi za makosa na za juu yake.

3.0 Kanuni ya Debian

Juhudi iliyo wazi kabisa ya kuzipa jumbe hizi sarufi moja ilifanywa na mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Debian ni mkusanyiko wa maelfu ya programu zinazotunzwa na watu wa kujitolea walioenea duniani. Kila mmoja wao aliandika ujumbe wake wa kuanza kwa namna aliyopenda: huyu kwa herufi kubwa, yule kwa ndogo, mwingine kwa mshangao. Kwa miaka mingi mwongozo wa kanuni za mradi huo ulikuwa na sehemu nzima juu ya jumbe za kuwaka, na shabaha yake iliyotajwa bayana ilikuwa ulinganifu wa sura ya mfumo unapowashwa na unapozimwa.

Masharti yake yalikuwa machache na ya busara. Ujumbe utoshe katika mstari mmoja usiozidi herufi 80, uanze kwa herufi kubwa na uishe kwa nukta. Kazi inayochukua muda ionyeshwe kwa nukta tatu, na ikikamilika neno la kukamilika liandikwe mara moja, ili mtumiaji ajue kilichomfanya angoje. Ujumbe wa kuzima ufanane na ule wa kuwasha kwa kila kitu isipokuwa kitenzi. Sharti la mwisho ndilo linalohusu makala hii zaidi: ujumbe usomeke kana kwamba kompyuta inamweleza mtu kwa adabu inachokifanya, lakini kompyuta isijitaje. Kwa hiyo haikuruhusiwa kusema kwamba mimi ninaanzisha huduma ya uchapaji. Ilitakiwa kutaja tendo la kuanzisha, kisha huduma, kisha jina la programu.

Kwa Kiingereza sharti hilo halina taabu. Neno "Starting" husimama peke yake bila kiima, bila nafsi na bila idadi, na kitu chochote kikaweza kuwekwa mbele yake. Kiswahili hakina umbo la namna hiyo. Kitenzi cha Kiswahili kikitaja njeo hakina budi kutaja pia mtenda kwa kiambishi. Kikiacha kumtaja mtenda hubaki kuwa kitenzi-jina au amri. "Kuanzisha" hakisemi lini, na "anzisha" ni agizo kwa msomaji. Sharti la kutojitaja, lililoonekana jepesi mno kwa walioliweka, ndilo linalomkwamisha mfasiri wa Kiswahili mlangoni.

Utaratibu wa mstari mmoja, wenye nukta tatu na neno la kukamilika, ulikuja kuvunjwa na sababu nyingine kabisa. Zamani huduma zilianzishwa moja baada ya moja, na neno la kukamilika halikuweza kuangukia mahali pasipo pake. Katika karne hii mifumo ilianza kuanzisha huduma nyingi kwa wakati mmoja ili kuokoa muda, na jumbe zikaanza kuingiliana. "Tayari" ya huduma moja ikatokea mwishoni mwa mstari wa nyingine. Mfumo wa systemd, ulioanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers na kuingia Debian kama chaguo la kawaida katika toleo la 8 la mwaka 2015, ulitoa jawabu rahisi: kila tukio na mstari wake. Mstari mmoja husema kazi inaanza, mwingine husema imeanza, na kila mmoja hulitaja jina la kazi kwa ukamilifu. Hapo ndipo kiolezo kilipochukua mahali pa sentensi.

4.0 Kiolezo Dhidi ya Ngeli

Katika systemd kila kazi huwa na maelezo mafupi yaliyoandikwa na mtunzaji wake, na mfumo huyachomeka maelezo hayo ndani ya violezo: "Starting" na nukta tatu, "Started" na nukta moja, na kiolezo cha tatu cha kushindwa. Mwongozo wake unawaagiza watunzaji waandike kirai nomino, si sentensi kamili wala kitenzi cha tendo linaloendelea, kwa sababu maelezo yenye kitenzi chake yakiingia katika kiolezo chenye kitenzi kingine yatasomeka vibaya. Mwongozo huohuo unaonya dhidi ya makosa mawili yanayopingana. Mtu akiandika "Apache2" tu, asiyeijua programu hiyo haambulii kitu. Akiandika sifa za kuvutia kwamba ni seva nyepesi yenye kasi, hajasema ni seva ipi. Ni shauri zuri kwa kila lugha. Kwa Kiswahili "Seva ya Wavuti ya Apache2" linatosha, tena neno kuu linatangulia, hivyo mstari ukikatwa mwishoni msomaji amekwisha kujua kwamba habari ni za seva.

Tatizo linakuja kiolezo chenyewe kinapotafsiriwa. Mfasiri wa haraka ataandika "Imeanzishwa", aache nafasi, na kwenda zake. Matokeo ni haya, ambapo nyota inaonyesha tungo isiyokubalika:

(2) a. Imeanzishwa seva ya wavuti.
b. *Imeanzishwa mtandao.
c. *Imeanzishwa daftari la matukio.
d. *Imeanzishwa vifaa vya sauti.

Sentensi (2a) imeokolewa na bahati, kwa kuwa seva iko katika ngeli ya I-ZI. Nyingine zilidai umeanzishwa, limeanzishwa na vimeanzishwa. Yawezekana msemaji wa mtaani katika baadhi ya miji, ambako kiambishi i- kimeanza kubeba ngeli nyingi za vitu, asishtuke sana. Msomaji wa Kiswahili sanifu atashtuka, na haraka sana atahisi kwamba mashine hii inasema lugha ya kuazima. Mwongozo wa GNU gettext, chombo kinachotumiwa na programu nyingi huru kutafsiri maneno yake, unawashauri waandishi wa programu waandike sentensi nzima badala ya kuunganisha vipande, kwa sababu lugha hutofautiana katika mpangilio na upatanisho. Shauri hilo haliwezi kufuatwa hapa, kwa kuwa mwandishi wa kiolezo hawezi kujua majina yote yatakayochomekwa. Kiolezo hakiepukiki, kwa hiyo kinachotafutwa ni kiolezo kisichogombana na ngeli.

Njia tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni kutanguliza nomino moja ya kudumu, "huduma ya", ili kitenzi kipatane na hiyo daima: "Huduma ya mtandao imeanzishwa." Sarufi inatulia, lakini ukweli unaumia. Systemd inatambua aina 11 za vitu vinavyoweza kuanzishwa, na huduma ni aina moja tu kati yake. Diski iliyoambatishwa si huduma, wala saa ya kuamsha kazi kwa wakati wake si huduma. Njia ya pili ni kitenzi-jina: "Kuanzisha mtandao: tayari." Hii ilifaa mtindo wa zamani wa mstari mmoja. Katika mtindo wa mistari miwili haifai, maana mstari wa kwanza, "Kuanzisha mtandao", hausemi kama tendo linakusudiwa, linafanyika au limepita. Husomeka kama kichwa cha habari au jina la kitufe.

Njia ya tatu ni kurudi katika kauli ya kutenda na kumfanya mtenda awe mmoja siku zote. Kitu kinachoanzishwa kikiwa yambwa baada ya kitenzi, hakidai upatanisho wowote. Kiambishi cha kiima hupatana na mtenda, naye habadiliki. Swali linalobaki ni mtenda gani. Wepesi wa mkono utaandika "mfumo", kwa kuwa ndio unaofanya kazi: mfumo unaanzisha mtandao, mfumo umeanzisha mtandao. Nomino ikiwapo pote pawili ni sawa. Ila jumbe za kuwaka hupenda ufupi, na mtu atashawishika kuiacha nomino na kubakiza kitenzi:

(3) a. Umeanzisha mtandao.
b. Umeshindwa kuanzisha mtandao.

Kiambishi u- cha ngeli ya mfumo kinalingana kwa umbo na kiambishi u- cha nafsi ya pili umoja. Msomaji wa (3a) ataelewa kwamba ni yeye aliyeanzisha mtandao, na atashangaa kidogo. Msomaji wa (3b) ameambiwa kwamba ameshindwa. Mwanafunzi anayekaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, tayari akihofia kuiharibu, anasoma kwa Kiswahili fasaha, kisicho na kosa hata moja la upatanisho, kwamba kosa ni lake. Hakuna mhariri wa sarufi atakayelikamata tatizo hili, kwani tungo zote mbili ni sahihi. Litakamatwa na msomaji peke yake, naye hana wa kumweleza.

Dawa ni ndogo kama lilivyo tatizo. Mtenda awe kompyuta, na kiambishi kiwe i-:

(4) a. Inaanzisha mtandao.
b. Imeanzisha mtandao.
c. Imeshindwa kuanzisha mtandao.

Hapa nomino yaweza kuachwa bila hatari, kwani i- haiwezi kuchukuliwa kuwa nafsi ya mtu, na mbele ya kiwambo hakuna kitu kingine cha umoja katika ngeli hiyo kinachoweza kudhaniwa kuwa kinazungumza. Kuna faida nyingine isiyotarajiwa. Wataalamu wamevutana kwa muda mrefu juu ya jina la mashine hii, wengine wakishika kompyuta, wengine, hasa nchini Kenya, wakishika tarakilishi, na wachache wakipendekeza ngamizi. Majina yote matatu yako katika ngeli ya I-ZI. Kiolezo chenye i- kinawafaa wote bila kumlazimisha yeyote kuacha msamiati wake. Sharti la Debian nalo limetimizwa kwa namna ambayo Kiingereza hakikuiweza: kompyuta haikujitaja kwa jina, na bado sentensi ina kiima chake.

5.0 Njeo, Hali na Ukanushi

Hadi hapa Kiswahili kimeonekana kuwa lugha yenye taabu. Katika uwanja wa njeo na hali mizani inageuka. Umbo la "Started" linabeba maana zaidi ya moja, na wanaozisoma jumbe za systemd wameteswa nalo. Kwa huduma ya aina sahili, mfumo huihesabu kuwa imeanza pale tu mchakato wake unapozaliwa, hata kabla haujafanya lolote. Kwa huduma ya aina inayotoa taarifa, husubiri huduma yenyewe iseme kwamba i tayari. Neno likawa lilelile kwa zote mbili. Tena zipo kazi za mara moja, kama kufuta mafaili ya muda, ambazo zinapoandikwa kuwa zimeanza huwa zimekwisha malizika. Kwa kazi za aina hii wasanifu wa systemd waliona kasoro, na matoleo ya baadaye yakawekewa neno la kumalizika. Kwa huduma zinazodumu neno la zamani limebaki.

Kiswahili kina vyombo vya kutenganisha hali hizo. Kiambishi -me-, kama alivyoonyesha Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944, hutaja tendo lililotimia pamoja na hali inayobaki baada yake. Kitenzi kikichaguliwa vizuri, hali hiyo hutajwa kwa usahihi: "imeanzisha" kwa mchakato uliozaliwa, "imekamilisha" kwa kazi ya mara moja, na kwa huduma iliyojitangaza, jina lake likifuatwa na neno "tayari" bila kitenzi chochote: "Seva ya wavuti: tayari."

Ukanushi ni utajiri mkubwa zaidi. Msomaji alinganishe:

(5) a. Haijaanzisha mtandao.
b. Haikuanzisha mtandao.
c. Imeshindwa kuanzisha mtandao.

Tungo (5a) inasema tendo halijatimia, lakini mlango haujafungwa. Hali hii hutokea mara kwa mara. Kazi ikichelewa, systemd huonyesha mstari unaohesabu sekunde zilizopita pamoja na kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni sekunde 90. Wasiojua huzima kompyuta kwa nguvu katika sekunde ya 40, wakidhani imekufa. "Haijaanzisha mtandao (sekunde 40 kati ya 90)" ingewatuliza, kwa kuwa -ja- yenyewe inaagiza subira. Tungo (5b) inasema tendo halikufanyika na halingojewi. Hii inafaa pale masharti ya kazi hayakutimia, mathalani huduma ya mashine isiyokuwapo. Systemd ilipoeleza hali hii ilitumia zamani sentensi ndefu iliyosema kwamba ukaguzi wa sharti umesababisha kazi kurukwa. Baadaye sentensi ikanyooshwa na sababu ikatajwa. Watu wengi walikuwa wameisoma ile ya kwanza kama kosa, wakahangaika na mfumo mzima usio na kasoro. Tungo (5c) pekee ndiyo ya kosa: kompyuta ilijaribu, ikashindwa.

Kuna hali ya nne, ya kazi iliyoachwa kwa sababu kazi inayoitegemea imeshindwa. Hapa upatanisho unatishia kurudi kwa mlango wa nyuma, maana kishazi cha sababu nacho kitataka kiima: "kwa sababu mtandao haukuanza". Kitenzi-jina kilichokataliwa hapo juu kinapata kazi yake: "Haikuanzisha barua pepe kwa kukosa mtandao." Nomino yoyote ikiwekwa mwishoni, sentensi haitikisiki.

6.0 Tahajia na Namba

Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za msingi za Kirumi bila alama za juu wala za chini. Katika hatua za mwanzo za kuwaka, kabla ya kupakiwa kwa fonti, hiyo ni nafuu isiyopatikana kwa Kiarabu wala kwa Kiamhari, na hata Kifaransa huipata kwa shida. Iko alama moja tu ya kuchungwa. Katika programu za maandishi ya amri zinazotumika kuanzishia huduma, matini hufungwa mara nyingi kati ya ritifaa mbili, na ritifaa ileile ni sehemu ya tahajia ya ng'. Mfasiri akiandika "inang'amua diski" ndani ya ritifaa, kompyuta itaiona matini imefungwa baada ya "inang", na programu nzima yaweza kukatika hapo. Kosa la tahajia sahihi litakuwa limeizuia kompyuta kuwaka. Matini ifungwe kwa alama za kunukuu za jozi, au pachaguliwe "inatambua".

Suala la mwisho ni lugha ya kutafutia msaada. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba istilahi za kompyuta zaweza kupatikana na kutumika. Lakini programu za ofisi hufanya kazi zikiwa zimezungukwa na msaada. Ujumbe wa kuwaka ukiwa kwa Kiswahili tu, fundi wa Mbeya hataweza kuulinganisha na maelezo yaliyoandikwa kwingineko juu ya kosa hilohilo. Ni kwa sababu inayokaribiana na hiyo kiini cha Linux hakitafsiri jumbe zake. Pa kuanzia ni menyu ya GRUB, ambayo maneno yake hupitia gettext, kisha programu za kuanzishia huduma, kisha katalogi ya jumbe ya systemd.

Katalogi hiyo ndiyo yenye manufaa zaidi. Matukio makuu ya systemd hupewa kitambulisho kisichobadilika cha biti 128, na kwa kitambulisho hicho daftari la matukio huweza kuleta maelezo marefu yaliyoandikwa katika lugha ya mtumiaji. Namba ya IBM imerudi, safari hii ikiwa na maneno pembeni yake. Fundi atasoma maelezo kwa Kiswahili, na atakapohitaji msaada wa mbali atatuma kitambulisho. Kwa kuwa maelezo ya katalogi hayabanwi na herufi 80, yanaweza kuandikwa kwa sentensi kamili, mathalani:

(6) Imeshindwa kuanzisha seva ya wavuti. Kompyuta imejaribu kuianzisha, na seva imekatika kabla ya kuwa tayari. Huduma nyingine zinaendelea, na mafaili yako hayakuguswa. Sababu iliyoandikwa na seva yenyewe imo katika mistari inayotangulia huu.